Mtendaji Yuko Wapi? "Neno" na "Kuokoka" Katika Kiswahili cha Kanisa

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mhadhiri wetu wa somo la mazungumzo, ambaye ni Mtanzania, alimtaka kila mmoja wetu amweleze mtu mmoja wa familia yake kwa sentensi tano. Zamu yangu ilipofika nilianza hivi: "Bibi yangu aliokoka mwaka 1994." Mhadhiri alitabasamu akasema, "Hongera zake. Bibi anasali kanisa gani?" Darasa zima likanyamaza. Nilijibu, "Mwalimu, bibi ni Mkatoliki, lakini sikuwa na maana hiyo." Mhadhiri naye alielewa mara moja, akanipa pole, na tukaendelea na somo.

Kosa halikuwa la mhadhiri, na sidhani kama lilikuwa langu. Kwa Kinyarwanda tunasema kurokoka, yaani kutoka hai katika hatari ya kifo. Walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 tunawaita abarokotse. Kwa Kinyarwanda hichohicho wapo abarokore, yaani Wakristo wanaosema kwamba wamempokea Yesu na maisha yao yamebadilika. Maneno hayo mawili yana shina moja, lakini hakuna Mnyarwanda anayeyachanganya. Katika Kiswahili kitenzi ni kimoja tu, kuokoka, na kamusi zinakubali maana zote mbili: mtu anaweza kuokoka katika ajali ya basi, na mtu anaweza kuokoka kanisani. Hata hivyo, mtu akisema "ameokoka" bila kuongeza neno, wasikilizaji wengi watafikiria kanisa kwanza.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma Biblia ya Kiswahili kwa jicho la mwanafunzi wa sarufi. Katika makala hii ninakusudia kuhakiki mambo mawili katika Kiswahili cha kanisa: namna kinavyomtambulisha Masihi kuwa Mungu, na namna kinavyozungumzia wokovu. Hoja yangu ni kwamba katika jambo la kwanza sarufi ya Kiswahili humtaja mtendaji mapema kuliko lugha nyingine nyingi, lakini katika jambo la pili humwacha apotee. Jambo hili linafaa kujadiliwa kwa sababu katika imani ya Kikristo mafundisho hayo mawili hayatengani.

Nianze na sura ya kwanza ya Injili ya Yohana, ambayo Wakristo huitegemea sana wanapofundisha kwamba Yesu ni Mungu. Mwandishi hamtaji Yesu kwa jina mwanzoni. Anaanza na Neno, anasema lilikuwapo tangu mwanzo, anasema vitu vyote viliumbwa kwa njia yake, kisha anafika mahali pa kusema kwamba Neno hilo lilipata mwili likakaa kati ya watu. Jina la Yesu Kristo linatokea baadaye, katika mstari wa 17. Kwa hiyo sura hii imejengwa kama kitu kinachofunuliwa polepole.

Katika Kigiriki, mfunuo huo unawezekana bila shida. Nomino logos ni ya jinsia ya kiume kisarufi, kwa hiyo viwakilishi vyake ni vya kiume hata kama inazungumzia neno la kawaida tu. Msomaji wa Kigiriki hawezi kujua kwa kutazama kiwakilishi peke yake kama anasoma habari za kitu au za mtu. Watafsiri wa lugha nyingine walilazimika kuchagua. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la Kiingereza la mwaka 1526, alitumia kiwakilishi cha kitu kwa ajili ya Neno. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ilitumia kiwakilishi cha mwanamume. Katika Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond, ambayo wazee wengi wa kwetu waliisoma, Neno ni nomino ya kike na viwakilishi vyake ni vya kike, bila mtu yeyote kudhani kwamba Masihi ni mwanamke.

Katika Kiswahili hakuna pa kujificha. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba neno ni nomino ya ngeli ya LI-YA: neno limesemwa, maneno yamesemwa. Lakini Biblia ya Muungano, ambayo ilitoka kamili mwaka 1952 ili Wakristo waliokuwa wakitumia tafsiri ya Kiunguja na wale waliotumia tafsiri ya Kimvita wapate Biblia moja, ilifanya jambo la kijasiri. Kitenzi cha kwanza kabisa katika sura hiyo kina kiambishi cha mahali, yaani kulikuwako, na kiambishi hicho hakituambii lolote kuhusu Neno. Kitenzi kinachofuata ni alikuwako. Neno limehamishwa kutoka LI-YA kwenda A-WA, likaketi pamoja na kijana, kipofu na waziri, nomino ambazo umbo lake ni la ngeli nyingine lakini upatanisho wake ni wa viumbe wenye uhai. Msomaji wa Kiswahili anajua kutoka sentensi ya kwanza kwamba hapa kuna nafsi.

Hali ni hiyohiyo katika lugha yangu. Biblia ya Kinyarwanda haisemi ijambo, nomino yetu ya kawaida yenye maana ya neno. Inasema Jambo, bila irabu ya mwanzo, kama vile ni jina la mtu, na kitenzi chake ni yari, si ryari. Wenzangu wanaotoka Burundi wanakutana na Jambo huyohuyo katika Kirundi. Ninakumbuka nilipojifunza Kiswahili mara ya kwanza nilicheka kusikia kwamba "jambo" ni salamu ya kuwapa watalii.

Je, watafsiri walikosea? Mhakiki wa fasihi anaweza kusema kwamba wameharibu mfunuo, kwani siri iliyopaswa kufichuka baadaye imevuja katika kiambishi. Nakubali kwamba kuna hasara ya kisanaa. Lakini mfano mwingine unaonyesha kwamba uamuzi wao haukuwa wa kubahatisha. Tunasema "roho yangu imechoka" kwa ngeli ya I-ZI, lakini tunasema "Roho Mtakatifu amewashukia" kwa ngeli ya A-WA. Mashahidi wa Yehova, ambao hawaamini kwamba Roho ni nafsi, husema na kuandika "roho takatifu". Hawakuhitaji kitabu kizima kueleza tofauti yao na makanisa mengine. Kiambishi kimoja kimewatosha. Vivyo hivyo, katika tafsiri ya Kurani ya Ali Muhsin Barwani, mahali ambapo Isa mwana wa Maryamu anatajwa kuhusiana na neno la Mwenyezi Mungu, neno hilo limebaki katika LI-YA: litokalo, si atokaye. Waislamu wanamheshimu Isa na kumwita Masihi, lakini hawamwiti Mungu, na upatanisho wa kisarufi unalingana na imani hiyo. Kwa hiyo Kiswahili kina neno moja ambalo dini mbili zinalitumia kwa ajili ya mtu mmoja, na zinatofautiana katika ngeli.

Hapa lazima nijiwekee mpaka. Kiambishi a- kinathibitisha nafsi, hakithibitishi uungu. Mashahidi wa Yehova wenyewe husema kwamba Neno alikuwako, lakini mwishoni mwa mstari wa kwanza wanaandika "mungu" kwa herufi ndogo, wakati makanisa mengine yanaandika "Mungu" kwa herufi kubwa. Na herufi kubwa haisikiki. Mama anayesikiliza somo likisomwa kanisani, au kijana anayelisikiliza redioni, atasikia sauti ileile katika tafsiri zote mbili. Kwa hiyo sarufi inatusaidia kujua kwamba Neno ni mtu. Suala la kama mtu huyo ni Mungu linabaki kwa mafundisho.

Na mafundisho yalipiganiwa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliitishwa hasa kwa sababu ya Arius, kasisi wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni wa juu kuliko viumbe vyote lakini naye aliumbwa. Arius asingekuwa na tatizo na kiambishi a-. Mtaguso ulichagua neno la Kigiriki homoousios, yaani wa asili moja na Baba. Athanasius, ambaye baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alitetea uamuzi huo kwa maisha yake yote, na hoja yake kubwa ilihusu wokovu. Kwa maneno yangu mwenyewe ni hivi: kiumbe hakiwezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu, kama aliyekuja kutuokoa si Mungu, basi hatujaokolewa. Kwa Athanasius, swali "Masihi ni nani?" na swali "Nani ameniokoa?" ni swali moja.

Hata cheo chenyewe kinakubaliana naye. Masihi, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na Kristo, lililotoka katika Kigiriki, yote mawili yana maana ya aliyepakwa mafuta. Ni kauli ya kutendwa. Mtu hajipaki mwenyewe, yuko aliyempaka.

Sasa tugeukie kitenzi cha wokovu. Kitenzi okoa kinanyambulika kwa njia mbili zinazotuhusu hapa. Katika kauli ya kutendwa tunapata okolewa, na katika kauli ya kutendeka tunapata okoka. Tofauti yake tumeisoma sote. Tunaweza kusema "Kikombe kimevunjwa na mtoto", lakini hatuwezi kusema "Kikombe kimevunjika na mtoto". Kauli ya kutendeka inatupa hali iliyopo na kumwondoa aliyeisababisha. Ndiyo maana mtoto aliyevunja kikombe huipenda sana kauli hiyo. Vilevile tunaweza kusema "Nimeokolewa na Yesu", lakini "Nimeokoka na Yesu" haikubaliki, isipokuwa kama tunamaanisha kwamba Yesu naye alikuwa hatarini pamoja nasi.

Biblia ya Muungano inatumia vitenzi vyote viwili. Paulo anapowaandikia Waefeso kuhusu neema, tafsiri inasema mmeokolewa. Katika Matendo ya Mitume, mlinzi wa gereza la Filipi anapoahidiwa wokovu, tafsiri inasema utaokoka, na katika Waraka kwa Warumi, sura ya 10, ni hivyohivyo. Kwa Kigiriki, mahali pote hapo kitenzi ni kilekile na kiko katika kauli ya kutendwa. Kwa hiyo watafsiri walewale waliokuwa makini kiasi cha kuhamisha ngeli ya Neno walikubali kumwacha mtendaji nje ya kitenzi cha wokovu. Labda walifuata mazoea ya wasemaji. Okoka ni fupi, na inasikika vizuri.

Lakini kitenzi hicho kilipewa uzito wake wa leo na watu, si na watafsiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Uamsho ulianza Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika misheni ya Kianglikana, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu wa Uamsho Balokole, na Kiswahili kikapata walokole. Watu hao walisimama mbele ya wenzao, wakakiri dhambi zao kwa majina, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaeleza siku waliyookoka. Nimesikia shuhuda za namna hiyo tangu utotoni kwa majirani zetu. Katika ushuhuda wa kweli, mtendaji hakosekani: msemaji huanza kwa kumsifu Yesu, hutaja damu yake na msalaba wake, kisha ndipo husema "nimeokoka". Kitenzi kinaweza kuwa bila mtendaji kwa sababu mtendaji ameshatajwa mara kumi katika sentensi zinazokizunguka.

Tatizo linakuja pale sentensi hizo zinapoanguka njiani na kitenzi kinabaki peke yake. Leo mtu anaulizwa ndani ya basi, "Umeokoka?" na jibu linalotarajiwa ni ndiyo au siyo. "Yule ameokoka" imekuwa na maana kwamba hanywi pombe, haendi dansi na anakwenda kwenye mkesha siku ya Ijumaa. Wokovu umekuwa sifa ya mtu, kama urefu au elimu. Hatuulizi tena ni nani aliyemwokoa, wala alimwokoa kutoka katika nini. Athanasius angeshangaa: watu wanaotetea kwa nguvu zote kwamba Masihi ni Mungu wanazungumzia wokovu kwa kitenzi ambacho hakina nafasi ya Masihi.

Mwanafunzi mwenzangu aliposoma rasimu ya makala hii aliniambia kwamba ninajenga teolojia juu ya kiambishi kimoja. Alisema Mswahili anaposema "mlango umefunguka" hakatai kwamba kuna aliyeufungua. Ana haki. Kauli ya kutendeka haimkani mtendaji, humnyamazia tu. Hoja yangu ni kwamba ukimnyamazia mtu kwa miaka mingi, watoto wako watakua bila kujua kwamba yupo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kumalizia, kwa kupendekeza kwamba kanisa liseme "okolewa" na kuiacha "okoka". Lakini wakati wa likizo nilikwenda kwa bibi, na nikafanya kosa la kumweleza utafiti wangu. Nilimuuliza kwa Kinyarwanda kwa nini yeye husema narokotse, nilinusurika, na hasemi Imana yarandokoye, Mungu aliniokoa. Bibi husali kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na katika sala zake humwita Yesu Umukiza, yaani Mwokozi. Nilidhani kwake jibu lingekuwa rahisi.

Alikaa kimya muda mrefu akiendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, nikisema Mungu aliniokoa, dada zangu wataniuliza: na sisi je? Sina jibu la kuwapa. Nasema narokotse." Dada zake walikuwa watatu. Hakuna aliyebaki.

Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi kadhaa. Nchini kwetu watu walikimbilia makanisani mwaka 1994 wakiamini kwamba humo watakuwa salama, na waliuawa humohumo. Kanisa la Nyamata na kanisa la Ntarama leo ni makumbusho. Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na miongoni mwa waliowaua pia walikuwemo waliobatizwa. Katika mahali kama hapo, kauli ya kutendwa ni nzito mno kwa aliyebaki hai. Ikimtaja Mungu kuwa mtendaji kwa mmoja, inaleta swali juu ya wengine wote. Kauli ya kutendeka inamruhusu bibi aseme jambo la kweli bila kudai kwamba anajua asilolijua. Nimeona pia kwamba Kiswahili kimefanya vivyo hivyo katika neno lake lingine: kunusurika, kitenzi tunachokitumia kwa watu kama bibi, nacho kiko katika kauli ya kutendeka.

Basi imenibidi nirekebishe uhakiki wangu. Kosa la Kiswahili cha kanisa halimo katika kuwa na kitenzi kisicho na mtendaji. Kosa ni kukitumia pale ambapo imani yenyewe inasema mtendaji anajulikana. Mkristo anayezungumzia dhambi zake na msamaha wake anaamini kwamba anajua nani amemwokoa. Katika Injili ya Yohana anamwita Neno, na amempa kiambishi cha mtu tangu mstari wa kwanza. Mtu huyo aseme "nimeokolewa" na amtaje aliyemwokoa. Lakini mtu aliyetoka hai kwenye kinamasi, ambaye hajui kwa nini yeye na si mwingine, aachiwe "niliokoka", wala asiulizwe anasali kanisa gani.

Kinyarwanda kimeweza kuwatenganisha abarokore na abarokotse kwa viambishi vya mwisho tu. Kiswahili kina nyenzo za kutosha kufanya hivyo, kwa kuwa okolewa na okoka vyote vimo katika kamusi na vyote vimo katika Biblia. Kinachohitajika ni wasemaji, wahubiri na watafsiri wa kesho, ambao wengine wao wako katika madarasa yetu, wakumbuke tofauti tuliyofundishwa katika somo la mnyambuliko. Mimi nimeshaanza. Mhadhiri wetu aliponiomba mwaka huu nirudie zoezi lile la sentensi tano kwa ajili ya wanafunzi wapya, nilianza hivi: "Bibi yangu alinusurika mwaka 1994, na kila asubuhi humshukuru Mwokozi wake." Mwanafunzi mmoja aliuliza kama sentensi hizo mbili zinahusiana. Nilimwambia kwamba swali hilo bado ninalifanyia kazi.